Ukuta Mmoja Uliopakwa Rangi

Mimi siamini kirahisi, na sijaona sababu ya kumwomba mtu radhi kwa hilo. Muuza nyanya akinipangia fungu, nageuza zile za chini. Fundi akisema bati limeshikwa vizuri, napanda ngazi nikaangalie mwenyewe. Kwa hiyo dalali aliponipigia simu kuniambia amenipatia nyumba ya vyumba vitatu Kisarawe, yenye uwanja mpana, maji na mikorosho, tena kwa bei ambayo mtu mwingine angeruka kwa furaha, mimi nilinuna.

"Ina nini?" nikamuuliza.

"Haina kitu, dada. Nyumba safi."

"Kama haina kitu, mbona bei iko chini hivyo?"

Akacheka, akaniambia nifanye haraka kwa sababu kuna jamaa wa Tabata anaitaka, kapiga simu asubuhi hiyo hiyo. Huyo jamaa wa Tabata nilikuwa nimeshamzoea. Aliitaka kila nyumba niliyoonyeshwa tangu nianze kutafuta. Aliitaka ile ya Mlandizi iliyokuwa ikiingia maji kila masika, akaitaka na ile nyingine ambayo ndugu watatu walikuwa wakiigombania mahakamani. Nilishaanza kumwonea huruma, mtu wa kutamani nyumba zote hizo na asipate hata moja.

Tulikuwa tunakaa Kibaha, mtaa wa Kwa Mathias, mimi na mama yangu, kwenye vyumba viwili vya kupanga. Kazi yangu ni ya ofisini, kwenye mizigo pale uwanja wa ndege, na kila siku ya Mungu nilikuwa natoka Kibaha gizani ili niwahi. Kijiji ilipokuwa nyumba hiyo ya Kisarawe kiko upande unaokaribiana na Pugu, na kutoka pale hadi kazini si mbali. Wenzangu ofisini walidhani natafuta nyumba kwa sababu ya usafiri, nami niliwaacha wadhani hivyo.

Ukweli ni kwamba nilikuwa namtafutia mama. Asili yetu ni Same. Baba alishuka Kibaha kufuata kazi, akajenga nyumba karibu na barabara kuu, na humo ndimo nilimozaliwa. Nikiwa bado shule ya msingi walikuja watu na kopo la rangi nyekundu, wakachora X kubwa kwenye ukuta wa sebuleni, upande unaotazama barabara. Mama aliisugua kwa mafuta ya taa mpaka vidole vikachubuka. Ilififia, lakini haikutoka. Tingatinga lilipokuja lilianzia pale pale kwenye X. Baba hakujenga tena, na tangu amefariki mama amekuwa mtu wa kuhama kutoka nyumba ya huyu kwenda nyumba ya yule. Mwenye nyumba wetu wa mwisho alikuwa mwanamke mdogo kuliko mimi, na mama yangu, mzee yule, alikuwa anamwomba ruhusa ya kuwasha kuni uani ili apike makande. Mara nyingi alinyimwa. Moshi, aliambiwa, unachafua kuta.

Mwaka huo miguu ya mama ilianza kuvimba na akaanza kurudia neno moja nililokuwa silipendi. "Nisije nikafia kwenye nyumba ya watu." Hakulisema kwa kulalamika. Alilisema huku anachambua mchele, akiniangalia kuona kama nimesikia. Nilikuwa nasikia, na nilikuwa naogopa kwamba nitachelewa.

Basi tukaenda, mimi na dalali. Unaacha lami, unapita mashamba ya mihogo na viwanja vilivyozungushiwa matofali na kuachwa hivyo hivyo, kisha unaikuta nyumba imekaa kando ya barabara ya vumbi, ya matofali ya saruji, ina baraza na dirisha kila upande wa mlango. Mwenyewe alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia ya kufuma, mstaafu wa kupakia mabegi kwenye ndege.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nilimuuliza kwa nini anauza. Akasema mkewe ametangulia mbele ya haki, naye anakwenda kukaa kwa binti yake Mlandizi. Nikamuuliza kama kuna ndugu mwenye madai. Hakuna. Kama nyumba imewahi kuwekwa rehani. Haijawahi. Majibu yake yalikuwa mafupi, na mimi mtu wa majibu mafupi simpendi. Wa majibu marefu simpendi pia, lakini huyo angalau ukimwacha aendelee atajikwaa mwenyewe.

Nikavuka barabara kwenda kwenye genge, nijifanye nanunua bamia. Wanawake walikuwa wanaongea kwa kupokezana. Niliwasalimu, wakaitika vizuri, na yule muuzaji akaanza kunisimulia habari za maji ya bomba. Katikati ya neno akanyamaza. Wote wakanyamaza, wakatazama chini kwenye mboga zao. Nikasubiri. Ndipo ndege ikapita juu yetu, kubwa, magurudumu nje, masikio yakaziba. Ilipokwisha kupita, yule mama aliendelea na neno lake pale pale alipoliachia.

Leo najua kwamba masikio ya watu wa pale huisikia ndege kabla mgeni hajaisikia, na hawapotezi pumzi kushindana nayo. Siku ile sikujua. Niliona watu wanaokatiza maneno nikifika, na kila nilipokwenda ikawa hivyo hivyo, kwa fundi baiskeli, kwa mama wa vitumbua, hata msikitini walipokuwa wanatoka. Nikajisemea, hawa wana jambo lao.

Halafu ulikuwepo ule ukuta. Kuta za pembeni na za nyuma zilikuwa na rangi ya maziwa iliyochoka, zina michirizi ya mvua na ukungu kwa chini. Ukuta wa mbele, unaotazama barabara, ulikuwa umepakwa rangi ya bluu mpya kabisa. Dalali aliona ninavyoutazama.

"Kapendezesha tu, dada. Si anauza?"

"Anayependezesha anapaka nyumba nzima."

"Rangi ghali."

Mtu aliyekulia kando ya barabara anajua kuna alama moja tu ambayo haiwekwi nyuma ya nyumba.

Jumapili iliyofuata nilitoka kanisani nikaunganisha moja kwa moja hadi Kisarawe bila kumwambia mtu. Mlango wa mzee ulikuwa umefungwa. Nilisimama karibu na ukuta kama mtu anayetafuta kivuli, nikatoa ufunguo, nikakwangua. Bluu ilitoka kwa urahisi. Chini yake kulikuwa na nyekundu. Nikakwangua mbele kidogo, nyekundu tena, nikafuata ilivyokuwa inakwenda, ikapanda kwa mshazari kuelekea dirishani. Sikuhitaji kuutafuta mstari wa pili.

"Unatafuta nini hapo, mama?"

Alikuwa jirani, mwanamke mnene aliyejifunga khanga, amesimama kwenye minyaa ya mpaka.

"Naangalia ubora wa rangi."

"Kwa ufunguo?"

Akavuka, akaangalia nilipokwangua, akaniangalia mimi. Kisha akachukua pindo la khanga yake akafuta unga wa rangi ukutani, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto uso. "Mwenyewe hayupo," akasema. "Ukija tena, uje akiwepo." Nilipoondoka nilijua kwamba na yeye yumo.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Akaniambia kijijini kwake hakuna nyumba yenye X.

"Haipo sasa, au haijawahi kuwepo?"

Akaanza kutafuta miwani yake, ambayo alikuwa ameivaa. "Mama, mambo ya nyumba ya mtu muulize mwenye nyumba." Nikaenda hadi wilayani. Huko kijana mmoja mpole alinitandikia ramani mezani, akanionyesha kwamba hapajawahi kupangwa barabara ya kupanuliwa pale, wala mradi mwingine wowote. Badala ya kufurahi nilizidi kuchanganyikiwa. X ipo, nimeikwangua kwa mkono wangu. Mradi haupo, nimeonyeshwa kwa macho yangu. Kati ya serikali na ukuta, mmoja alikuwa ananidanganya, na sikuweza hata kuamua nianze kumshuku yupi.

Ningeachana nayo. Nilishamwambia dalali ampe jamaa wake wa Tabata. Lakini wiki hiyo hiyo mwenye nyumba wetu alikuja kusimama mlangoni, akasema mdogo wake anaoa, anavihitaji vyumba vyake. Mama alimwitikia vizuri, akamtakia harusi njema. Alipoondoka, mama alikaa kitandani akaniuliza, "Ile ya Kisarawe, jiko lake liko ndani au uani?" Nikasema liko uani. "Basi kuni zitawaka," akasema, na sikuwa na ujasiri wa kumweleza habari za rangi nyekundu.

Nikaamua hivi: nitakwenda, lakini sitanunua kwa kufumba macho. Kule kwetu Pwani nyumba au shamba likiuzwa, majirani wa pande zote huitwa. Mnazunguka mipaka pamoja, na kila jirani akifika upande wake anasimama na kutamka mbele ya wote kwamba hapa hatugombani. Mkimaliza mnaketi, mwenyekiti anauliza kama kuna mwenye neno, ndipo watu wanatia saini. Niliona hiyo ndiyo nafasi yangu. Mtu anaweza kunidanganya mimi peke yangu, lakini mbele ya majirani zake wote waliokaa naye miaka, atapata tabu.

Siku ilipofika mama alikataa kubaki. Alivaa gauni lake la kanisani, akachukua fimbo, tukaenda. Mzee alikuwepo, na mwenyekiti, na majirani, na yule wa khanga ambaye alinisalimu kama hatujawahi kuonana. Alikuwepo pia mtoto wa kwanza wa mzee, mtu mzima wa makamo aliyetoka mjini, shati limenyooshwa, mwenye adabu. Ndiye aliyemshika mama mkono tulipokuwa tunazunguka mipaka. Kwenye minyaa ya kwanza, hapa hatugombani. Kwenye mkorosho wa pembeni, hapa hatugombani. Pande zote nne zikaisha salama. Tukaketi kwenye mikeka barazani, mama akapewa kiti, mwenyekiti akafungua kalamu.

"Kuna mwenye neno?"

"Mimi ninalo," nikasema. "Ninaomba mzee aniambie, chini ya hii rangi ya bluu kuna nini?"

Kukawa kimya. Nilisubiri ndege ipite, maana kwa wakati huo nilikuwa nimeanza kuwaelewa. Hakuna ndege iliyopita. Majirani hawakunitazama mimi wala hawakumtazama mzee. Walimtazama yule mwanawe.

Naye hakuwa na wasiwasi hata kidogo. "Si ile X, mama," akaniambia kwa upole. "Usiogope. Watu wa barabara waliiweka, halafu mradi ukafutwa, wakaruhusu tufute. Baba alinieleza yote."

"Mimi nimetoka wilayani," nikasema. "Wanasema hapajawahi kuwa na mradi."

"Wanakosea. X si ilikuwepo? Nimeiona kwa macho yangu." Akamgeukia baba yake. "Baba, mwambie."

Mzee alivua kofia yake, akaikunja, akaiweka gotini.

"Niliichora mimi," akasema.

Mwanawe alitabasamu kwanza, kama mtu aliyeambiwa utani asiouelewa.

"Mama yenu alikuwa hawezi kuinuka tena," mzee akaendelea, akisema na yeye peke yake, sisi wengine kama hatupo. "Wewe ukasema tuuze, tuhamie kwako, tuwe karibu na hospitali. Hukusema vibaya, mwanangu. Lakini ukawa unaleta wanunuzi. Wanaingia mpaka chumbani, wanapima dirisha, naye amelala pale pale. Mmoja aliruka miguu yake akaangalie dari. Siku hiyo mama yenu akaniuliza, hawa wananunua nyumba, au wanangoja nife? Aliniomba nisimtoe. Nikakwambia wewe, hukunisikia. Asubuhi nikaenda kununua kopo la rangi."

"Baba, mimi nimehangaika maofisini," mwanawe akasema, sauti ikimpanda. "Nimefuatilia fidia ya X hiyo! Nimekaa kwenye mabenchi ya watu!"

"Nilikuwa nakuona ukienda."

"Na wote mlijua?" Akawatazama majirani mmoja mmoja. Mwenyekiti alikuwa anaikagua kalamu yake. Mwanamke wa khanga ndiye aliyejibu.

"Mimi nilimshikia kopo," akasema.

Yule mtoto wa mzee aliinuka, akashuka barazani bila viatu, akaenda kusimama kwenye mikorosho akitugeuzia mgongo. Hakuna aliyemfuata. Na mimi ndiye niliyekuwa nimeuliza.

Nitasema nilivyohisi, nisijipambe. Nilimwonea mzee huruma, na papo hapo nikamwamini kidogo kuliko nilivyomwamini asubuhi. Mtu anayeweza kuchora X ya serikali ukutani, akamtazama mwanawe wa kumzaa akifukuzia fidia ya hewa, akanyamaza, anashindwa nini kingine? Na kijiji kizima kinamfunika. Kesho wakiamua kumfunika mwingine anayenidai nyumba hii, nitakwenda kwa nani? Kichwa changu kilikuwa tayari kimeshatunga sentensi ya kuaga kwa heshima, kwamba tukatafakari kwanza, tutarudi siku nyingine. Nikamgeukia mama nimpe ishara tuondoke.

Mama hakuwa ananitazama. Alikuwa ameinama mbele kwenye kiti, mikono yote miwili juu ya fimbo, anamtazama mzee.

"Pole, kaka," akasema.

"Nimeshapoa, dada."

"Hiyo X yako. Ilizuia?"

"Ilizuia. Hakuja mtu tena."

"Hakutolewa?"

"Hakutolewa. Mpaka Mungu alipomchukua alikuwa kitandani kwake."

Mama alitikisa kichwa polepole. Kwa maisha yangu yote sijapata kumsikia akiitaja alama ile kwa namna nyingine isipokuwa kulaani. Akauliza, "Chumba gani?"

Mzee alionyesha kwa kidevu dirisha la kulia. Mama akajinyanyua. Nilitaka kumshika, akanitoa mkono. Aliingia ndani peke yake, tukawa tunasikia fimbo yake kwenye sakafu ya saruji, ikienda, ikisimama, ikienda tena. Komeo lilikuwa gumu, alihangaika nalo. Kisha dirisha likafunguka na uso wake ukaonekana pale.

"Mwanangu," akaita.

Kule kwenye mikorosho yule mtoto wa mzee aligeuka kwa nguvu, kama aliyeitwa yeye. Alisimama akilitazama lile dirisha, uso umelowa, kisha akaanza kurudi kuelekea barazani.

"Waambie waandike," mama akaniambia. "Mimi nalala humu."